Mkupuo unaotugharimu: barua ya wazi kwa PPRA kuhusu mikataba ya mifumo

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA),
Dodoma.

YAH: MIKATABA YA KUTENGENEZA MIFUMO YA TEHAMA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu na watumishi wenzako,



Ninatengeneza mifumo ya kompyuta kwa malipo. Kampuni yetu ni ndogo, iko Dar es Salaam, baadhi ya wateja wetu ni taasisi za umma, na zabuni zetu hupita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa kielektroniki, kama za watu wengine. Siandiki kulalamikia zabuni tuliyoikosa; malalamiko ya namna hiyo yana njia yake, na Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma ipo kwa ajili hiyo. Naandika juu ya jambo linaloamuliwa mapema zaidi, kabla tangazo halijatoka: aina ya mkataba.

Kwa mfumo unaotengenezwa upya, taasisi nyingi huchagua mkataba wa mkupuo. Bei moja kwa kazi nzima, inaandikwa mwanzoni, haiguswi mpaka makabidhiano. Ombi langu ni kwamba PPRA iandae nyaraka sanifu za mkataba wa aina nyingine, ambao serikali inalipia muda wa timu kwa vipindi vifupi vyenye ukomo, na kila kipindi kikiisha inakuwa huru kuendelea au kuondoka na mali yake. Na ziandaliwe kwa namna ambayo ofisa ununuzi wa halmashauri atazitumia bila moyo kumdunda.

Najua kwa nini mkupuo unapendwa. Bajeti hupitishwa kwa tarakimu. Mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi na kufungwa Juni 30, na fedha isiyotumika ina maswali yake. Mkaguzi akija anauliza mlipanga kiasi gani na mmelipa kiasi gani, na mkataba wa mkupuo unamjibu kwa ukurasa mmoja. Ofisa ununuzi haogopi mfumo mbovu kama anavyoogopa hoja ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali: mfumo mbovu ni wa ofisi nzima, hoja ina jina lake. Nami ningekuwa kwenye kiti chake ningechagua hivyo hivyo, kwa nyaraka zilizopo.

Tatizo ni kwamba tarakimu hiyo ni ya kubahatisha, na sote tunaijua kuwa ni ya kubahatisha, halafu tunaitia saini. Mwaka 1981 Barry Boehm, mhandisi Mmarekani, alichapisha kitabu juu ya uchumi wa kutengeneza programu, na ndani yake mchoro ambao fani yetu inaurejea hadi leo. Unaonyesha kwamba mwanzoni, wazo likiwa bado wazo, makadirio ya gharama yanaweza kukosea mara nne kwenda juu au mara nne kwenda chini. Kadiri kazi inavyosonga, pengo hilo linaziba. Tuchukue hesabu ya mfano. Taasisi imekadiria mfumo wake kwa shilingi milioni 200. Gharama ya kweli inaweza kuwa milioni 50 au milioni 800, na siku zabuni zinapofunguliwa hakuna upande unaojua ni ipi. Mzabuni aliyewahi kuungua anaweka akiba ya tahadhari na kuandika 420. Mwingine anaandika 160. Pale bei inapokuwa ndiyo mwamuzi, mnajua nani anaitwa kusaini.

Watu wa mafuta waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Marekani, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini kampuni zilizoshinda vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Mexico ziliambulia faida kiduchu. Kitu kikinadiwa na hakuna anayejua thamani yake, walisema, mshindi huwa yule aliyekosea zaidi kwenda juu. Katika zabuni za mifumo mnada umegeuzwa kichwa chini miguu juu, kwa hiyo anashinda aliyekosea zaidi kwenda chini. Ama hakuelewa kazi, ama ameielewa vizuri mno na anajua fedha ataitafuta kwingine.

Na kwingine kupo. Ataomba nyongeza ya mkataba kwa kila neno ambalo hadidu za rejea hazikulitaja. Akikataliwa, atapunguza kile ambacho mnunuzi hakioni: majaribio, ulinzi wa data, nyaraka za kumsaidia atakayekuja baadaye. Skrini ya mfumo usiojaribiwa inapendeza sawasawa na ya ule uliojaribiwa. Tofauti inakuja kuonekana siku ya watumiaji wengi, na siku hiyo mara nyingi muda wa udhamini umekwisha.

Miaka kadhaa iliyopita tulifanya kazi ya mfumo wa vibali kwa taasisi ambayo sitaitaja. Hadidu za rejea zilikuwa nene na dhahiri zilikopwa mahali. Ziliagiza mfumo ufanye kazi kwenye Internet Explorer, kivinjari ambacho Microsoft yenyewe ilishatangaza kukistaafisha, na kweli ikakistaafisha Juni 2022. Tuliomba sharti hilo liondolewe. Tukajibiwa, kwa upole kabisa, kwamba kuliondoa ni kubadili mkataba, na kubadili mkataba ni kurudi Bodi ya Zabuni. Tukaona nafuu kulitekeleza. Kuna fedha ya mlipakodi imelala pale, ikihudumia kivinjari ambacho hakuna mtumishi wa ofisi ile aliyekuwa anakifungua.

Hilo ni la kuchekesha. Lililotuumiza, na ambalo nadhani linaiumiza serikali zaidi, lilikuwa sharti la mstari mmoja: mfumo uunganishwe na mifumo mingine ya serikali inayohusika. Anayeijua kazi hii anajua mstari huo umebeba nini. Mwombaji athibitishwe kwa namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Kampuni yake ihakikiwe kwa msajili wa makampuni, BRELA. Namba ya mlipakodi itoke mamlaka ya mapato, TRA. Ada ilipwe kwa kontroli namba kupitia GePG, mfumo wa malipo ya serikali. Kila muunganiko una barua yake, fomu yake, mazingira yake ya majaribio na mtu wake wa kupigiwa simu. Msimbo wa kuunganisha, ukishapewa funguo na maelekezo, unaandikwa kwa siku chache. Ruhusa ndiyo inayokula miezi.

Sasa tazameni mkupuo unavyofanya kazi katika miezi hiyo. Anayegharimia kusubiri ni mkandarasi peke yake: mishahara inaenda, kodi ya ofisi inaenda, malipo ya hatua inayofuata yamefungwa mpaka muunganiko ukamilike. Taasisi yenyewe haipotezi hata senti kwa barua kukaa kwenye jalada, na jambo lisilomgharimu mtu hana sababu ya kulifuatilia. Basi mkandarasi anafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Anawahamishia watu wake kwenye kazi nyingine inayolipa. Funguo zikifika, kijana aliyeianza kazi yuko mradi mwingine au ameshaajiriwa kampuni nyingine, na anayerithi anaanza kusoma upya. Wakati huo huo saa ya fidia ya ucheleweshaji inahesabu. Zinaandikwa barua za kuomba muda, zinaandikwa barua za kujibu, na watu waliokuwa wanaelewana wanaanza kuongea kwa vifungu.

Hatari katika mradi wowote ipewe upande unaoweza kuipunguza. Ustadi wa watu wetu, hitilafu za msimbo wetu, kijana wetu kuacha kazi: hizo ni zetu, tubebeshwe bila huruma. Barua kati ya taasisi mbili za umma hatuna uwezo wa kuiharakisha. Taasisi inao. Ingekuwa inailipia timu kila mwezi, na kila wiki ya kusubiri ikisomeka kama fedha iliyotoka bila kazi kufanyika, naamini mkurugenzi wa TEHAMA angepiga simu mwenyewe.

Yeyote aliyejenga nyumba nchi hii ameshalifanya chaguo hili bila kusoma kitabu. Msingi na kuta unampa fundi kazi nzima kwa bei moja, kwa sababu ramani ipo na tofali zinahesabika. Nyumba ya urithi inayovuja, ambayo haijulikani mabomba yamepita wapi mpaka ukuta utobolewe, unamlipa fundi kwa kutwa na unashinda naye. Mfumo mpya unafanana na nyumba hiyo ya pili, lakini sheria ya ununuzi inagawa vitu katika bidhaa, kazi za ujenzi, huduma za ushauri na huduma zisizo za ushauri, na mfumo huo haukai sawa katika kapu lolote kati ya hayo. Ukiwekwa kwenye bidhaa au huduma zisizo za ushauri, unanunuliwa kama jenereta.

Mambo haya hayajatukuta sisi tu. Desemba 2007 Jimbo la Queensland, Australia, liliingia mkataba na IBM wa kubadilisha mifumo yake, na ndani yake ukawemo mfumo wa mishahara ya watumishi wa afya. Bei ya awali ya sehemu hiyo ya mishahara ilikuwa takriban dola milioni 6 za Australia. Mahitaji hayakuwa yameeleweka kwa pande zote mbili, mabadiliko yakafuatana, na Machi 2010 mfumo uliwashwa. Wauguzi wakalipwa pungufu, wengine wakazidishiwa, wengine hawakulipwa kabisa. Tume iliyoongozwa na Richard Chesterman ilitoa ripoti yake mwaka 2013, ikikadiria kwamba sakata hilo lingeigharimu serikali ya jimbo dola bilioni 1.2. Serikali ilikwenda mahakamani na mwaka 2015 ikashindwa, kwa sababu mwaka 2010, ikihangaika kuunusuru mfumo, ilishasaini makubaliano yaliyoiachilia kampuni hiyo. Bei iliyofungwa haikuwalinda. Iliwapa usingizi katika kipindi ambacho walipaswa kuwa macho.

Msidhani basi nawaomba mlipe kwa saa na kufumba macho. Huko nako kuna makaburi. FBI ya Marekani iliagiza mfumo wa majalada ya kesi kwa mkataba wa kurudishiwa gharama, ambao mkandarasi hulipwa alichotumia na faida juu yake. Mahitaji yalibadilika kila kukicha, hakuna aliyekuwa na sababu ya kusema basi, na mwaka 2005 mradi uliachwa baada ya kutumia dola milioni 170 hivi za Marekani. Uliofuata, Sentinel, nao ulianza kwa mkandarasi mkubwa na ukachelewa. Mwaka 2010 FBI iliichukua kazi mikononi mwake, ikaweka timu ndogo iliyofanya kazi kwa mizunguko ya wiki mbili na kuonyesha kilichokamilika kila mzunguko ulipoisha, na Julai 2012 mfumo ukaanza kutumika kwa shirika zima.

Kulipia muda, peke yake, hakuokoi. Kinachookoa ni kulipia muda mfupi, wenye ukomo, huku unaona kitu. Mkataba ninaoufikiria ungeandika timu kwa majukumu yake na bei ya kila jukumu kwa siku au kwa mwezi. Ungeandika lengo la taasisi kwa lugha ya kawaida: mwombaji wa kibali apate majibu bila kufunga safari ya kuja ofisini. Orodha ya skrini mia tatu hatungeihitaji siku hiyo. Ungekuwa na kipindi cha kwanza kifupi, tuseme miezi mitatu, na haki ya taasisi kuongeza vipindi vingine kwa bei zile zile bila kutangaza zabuni upya, mpaka kwenye ukomo wa jumla uliokubaliwa mwanzoni.

Ukomo huo ndio unaompa amani mtu wa bajeti. Kanuni za ununuzi za serikali ya Marekani zinaruhusu mkataba wa muda na vifaa pale tu ambapo kiasi cha kazi hakiwezi kukadiriwa kwa uhakika, na zinataka uwe na bei ya juu kabisa ambayo mkandarasi akiivuka, anaivuka kwa hasara yake. Rudini kwenye mfano wetu. Milioni 200 ipo, timu inagharimu milioni 20 kwa mwezi: taasisi ina miezi kumi. Tarakimu ya bajeti haijabadilika hata kidogo. Swali la mfumo wote utagharimu kiasi gani, ambalo halina jibu la kweli, linageuka kuwa swali la kipi kitangulie katika miezi kumi. Hilo mkuu wa idara ya vibali analijibu vizuri kuliko mtu mwingine yeyote nchini. Na mwezi wa sita, akiona vilivyokamilika vinatosha, anasimama na milioni 80 inarudi. Kwa mkupuo, sijawahi kuona mkandarasi akirudisha chenji.

Haki ya kuondoka nayo iandikwe kwa wino mzito. Taasisi iweze kusitisha mwisho wa kipindi chochote kwa taarifa fupi, bila kuthibitisha kosa la mtu, kwa kulipia kazi iliyokwishafanyika basi. Ili haki hiyo iwe na maana, msimbo wote ukae kwenye hazina inayomilikiwa na taasisi tangu siku ya kwanza, na kila kinachoandikwa kiingie humo siku hiyo hiyo. Kukabidhiwa msimbo kwenye diski siku ya mwisho ni sherehe tu. Mara nyingi hakuna aliyewahi kuujaribu kuona kama unawaka. Wenzangu wa biashara hawatanipenda kwa kifungu hiki, maana msimbo ulioshikwa na mkandarasi ndio kamba yake ya kumfungia mteja mwaka hadi mwaka. Waacheni wasinipende.

Nakuja kwa mkaguzi, kwa sababu bila yeye haya yote ni maneno. Kwa mkupuo, ushahidi wa hatua ya kwanza huwa ripoti ya awali, wa hatua ya pili ripoti ya uchambuzi wa mahitaji, wa tatu ripoti ya usanifu. Karatasi nzuri, zimegongwa mihuri, na sehemu kubwa ya fedha inaweza kuwa imetoka kabla mtu hajabonyeza kitufe kimoja. Majedwali ya saa za kazi nayo ni karatasi. Mtu anaweza kujijazia saa nane akiwa Coco Beach. Ushahidi ninaouamini ni kila wiki mbili timu isimame mbele ya watumishi watakaoutumia mfumo, iuendeshe, na mkuu wa kitengo asaini kilichofanya kazi na kilichokataa. Ukiongeza kumbukumbu za hazina ya msimbo, zinazoonyesha nani aliandika nini na lini, mkaguzi anapata njia ya kufuata fedha ambayo hakuna ripoti ya usanifu iliyowahi kumpa. Ningeomba ofisi ya CAG ikae mezani mnapoandika nyaraka hizo, isije kuzisoma mara ya kwanza ikiwa kwenye ukaguzi.

Gharama yake ipo, wala siifichi. Taasisi inahitaji mtu wake wa kushinda na timu, mwenye mamlaka ya kusema hiki kitangulie na kile kisubiri. Kama hayupo, msitangaze zabuni ya muda. Msitangaze hata ya mkupuo, kwa kweli.

Lipo swali la namna ya kumpata mshindi pasipokuwa na bei moja ya kulinganisha. Hapa mkataba wa muda si mgeni kwenu. Nyaraka sanifu za Benki ya Dunia za kuajiri washauri waelekezi zina mkataba wa mkupuo na zina mkataba wa muda, na taasisi zinazotekeleza miradi ya benki hiyo zinazifahamu. Linganisheni bei za majukumu kwa kapu moja: watu kadhaa, miezi kadhaa, kila mzabuni ajaze. Lakini msiishie kwenye wasifu wa wataalamu. Tunajuana. Kampuni inawasilisha wasifu wa wakubwa wenye shahada tatu, kazi ikianza wanakuja wanafunzi wa field. Majina yaliyoandikwa kwenye zabuni yafungwe kwenye mkataba, na kubadilisha mtu kuhitaji idhini.

Bora zaidi, waoneni wakifanya. Mwaka 2015 ofisi ya serikali ya Marekani iliyoitwa 18F iliwataka wazabuni walete mfano mdogo unaofanya kazi, uliotumia data za wazi za mamlaka ya chakula na dawa, msimbo wake ukiwa hadharani. Ofisi hiyo iliundwa 2014 na ikafungwa 2025, lakini miongozo yake ya kununua mifumo kwa vipande vidogo bado inasomeka. Sisi tunaweza kufanya kwa haki zaidi, kwa kuwalipa wazabuni wawili waliofika mwisho kwa wiki chache za jaribio, kisha kuchagua mmoja. Makampuni machanga hayana uwezo wa kufanya kazi ya bure ili yapimwe.

Nikiwataja wachanga, kumbukeni ile asilimia 30 ya ununuzi iliyotengwa kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana sita waliomaliza chuo wakiwa na kompyuta mpakato na vichwa vizuri hakiwezi kubeba mradi wa mkupuo wa mwaka mzima, ambao nusu ya malipo inakuja baada ya makabidhiano. Watakopa wapi? Kipindi cha miezi mitatu kinacholipwa kila mwezi wanakimudu. Na kwetu sisi wengine pia, miezi ya kusubiri malipo ni mkopo tunaoipa serikali, na riba yake tunaiandika ndani ya bei hata kama hamuioni imeandikwa.

Matengenezo baada ya mfumo kuwashwa ningeyaondoa kabisa kwenye hesabu ya ujenzi. Ile sentensi ya mwaka mmoja wa matengenezo bila malipo ni ya kujidanganya. Kurekebisha hitilafu zetu ni wajibu wetu, bila kuulizana. Ila ada ikibadilika kwa sheria ya fedha ya mwaka, au taasisi nyingine ikibadilisha namna ya kuungana na mfumo wake, hiyo ni kazi mpya, na itakuja kila mwaka maadamu mfumo uko hai. Wekeni ada ya mwezi kwa siku kadhaa za kazi, zisizotumika zihamie mwezi unaofuata ndani ya robo mwaka ile ile, na muda wa kujibu tatizo uandikwe. Nusu ya ugomvi wetu na wateja ni kubishana kama jambo ni hitilafu au ni badiliko. Palipo na siku zilizolipiwa, watu wanafanya kazi hawabishani.

Mkupuo ubaki pale unapostahili: leseni, seva, mafunzo, tovuti ya kawaida, kuhamisha data ambazo zimeshachunguzwa. Utaratibu wa kulipwa asilimia ya makusanyo, ambao nao huwa unanong'onezwa kwa sababu eti taasisi haitoi fedha mwanzoni, ningeufungia mlango. Fedha ya umma inakatwa juu kwa juu miaka na miaka baada ya gharama ya ujenzi kurudi, na anayekatwa hajui ni lini iliisha kurudi.

Neno moja kuhusu NeST yenyewe, maana ndipo hoja yangu inapowagusa ninyi. TANePS iliyotangulia ilitengenezwa na kampuni ya nje. NeST, iliyoanza kutumika 2023, ilijengwa na wataalamu wa ndani, PPRA ikishirikiana na Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA). Sisi watumiaji tumeiona ikikua: leo kimeongezwa hiki, kesho kimerekebishwa kile baada ya malalamiko yetu. Watu walioijenga wanalipwa mshahara kila mwezi, wanakaa karibu na wenye kazi, wanaulizwa kipi kitangulie. Ukiondoa neno mshahara na kuweka neno ankara, huo ndio mkataba ninaouomba. Taasisi ndogo isiyo na wahandisi wake inastahili kununua kutoka sokoni kitu kile kile ambacho PPRA ilijipatia nyumbani.

Najua nyaraka sanifu haziandikwi kwa wiki moja, na Sheria ya 2023 na kanuni zake za 2024 bado watu wanazizoea. Anzeni na taasisi chache zenye watu wa TEHAMA waliosimama, kwa miradi midogo, eGA ikiwa imeipitia, kwenye mipango ya ununuzi ya mwaka wa fedha ujao. Rasimu ya vifungu vya ukomo, vipindi, usitishaji na umiliki wa msimbo tunayo, tumeiandika pamoja na mwanasheria na mhasibu waliowahi kutumikia upande wenu wa meza. Mkitupangia siku, tutakuja Dodoma kwa nauli yetu. Tungeomba chumba chenye ubao, ofisa ununuzi mmoja wa halmashauri ambaye hatukubaliani naye, na mtu mmoja kutoka ofisi ya ukaguzi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtengeneza mifumo,
Dar es Salaam.